Sauti, Biti na Kipaza Sauti: Maneno Matatu Yanayopotosha Uchaguzi wa Programu za Muziki

Katika miaka ya 1970 bendi nyingi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Leo kazi hiyo yaweza kufanyika katika chumba cha nyumbani chenye kompyuta moja na programu ifaayo. Lakini programu zenyewe ni nyingi, na anayetaka kuchagua hukutana kwanza na maneno. Makala haya yana madhumuni ya kueleza maneno matatu ya Kiswahili ambayo, kwa kubeba maana zaidi ya moja, humfanya mnunuzi apate asichokihitaji.

Neno la kwanza ni sauti. Programu za muziki hushughulikia vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Cha kwanza ni sauti iliyonaswa, yaani mawimbi yaliyopokelewa na kugeuzwa kuwa tarakimu. Cha pili ni maagizo ya muziki: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Utaratibu wa maagizo hayo, uitwao MIDI, ulitolewa mwaka 1983. Maagizo hayana mlio ndani yake. Ni mfano wa karatasi ya noti, ambayo hukaa kimya mpaka apatikane mpigaji. Na hapa mpigaji ni ala iliyotengenezwa ndani ya kompyuta.

Tukiviita vyote viwili "sauti", tofauti ya programu haionekani. Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na ambayo hupatikana bila malipo, ni chombo cha kunasa, kukata na kuunganisha sauti. Haikukusudiwa kutungia muziki kwa maagizo. Cubase ilianza mwaka 1989 ikiwa programu ya maagizo, na uwezo wa kunasa sauti ukaongezwa baadaye. FL Studio ya Ubelgiji, iliyojulikana zamani kwa jina la FruityLoops, ilianza kwa kupanga midundo ya ngoma. Programu kubwa za leo hufanya kazi zote mbili, lakini kila moja bado ina upande inaoufanya kwa wepesi zaidi.

Tuchukue watu wawili. Mtunzi wa singeli, ambaye muziki wake huweza kupita mapigo 200 kwa dakika, hupanga mdundo kwa maagizo. Kwake programu iliyo nyepesi katika kazi hiyo ndiyo bora. Mpiga kanuni wa taarabu ya Unguja anahitaji kwanza kunasa ala yake ilivyo. Tena yapo maqamu anayoyapiga yenye robo toni, ilhali noti za MIDI, ambazo ni 128, kwa kawaida hupangwa kwa nusu toni. Akitaka kuongeza fidla za kompyuta chini ya kanuni yake, hana budi kuhakikisha kwamba programu, pamoja na ala zake, inaruhusu toni kurekebishwa. La sivyo, ala hizo zitagombana naye katika wimbo mzima.

Neno la pili ni biti. Vijana wa studio huita biti ule muziki wa ala anaoimbia mwimbaji. Wataalamu wa kompyuta nao hutumia neno hilohilo kwa kipimo kidogo kabisa cha taarifa. Hivyo mtu akisoma kwamba programu hunasa kwa "biti 24", aweza kudhani kuwa amepewa midundo 24. Maana yake ni kwamba kila sampuli ya sauti hupimwa kwa daraja 16,777,216, badala ya 65,536 za biti 16. Ubora huo una gharama yake. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, mkondo mmoja huchukua megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye mikondo 12 huchukua zaidi ya megabaiti 518. Aidha, "programu ya biti 64" ni jambo jingine tena: huhusu aina ya kompyuta inayoweza kuiendesha.

Neno la tatu ni kipaza sauti. Wengine hukiita hivyo kifaa cha kupokelea sauti, na wengine kile cha kuitolea. Programu ikiuliza sauti iingie wapi na itoke wapi, aliyechanganya viwili hivyo huimba wimbo mzima na kukuta mkondo mtupu.

Kwa sababu hizo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Sauti nase: sauti iliyopokelewa na kuhifadhiwa kwa tarakimu.
Maagizo ya muziki: taarifa za noti zisizo na mlio.
Biti: kipimo cha taarifa tu.
Mdundo: muziki wa ala anaoimbia mwimbaji.
Mkondo: safu moja ya sauti au maagizo katika wimbo.
Maikrofoni: kifaa cha kupokelea sauti.
Spika: kifaa cha kutolea sauti.

Mwenye maneno haya aweza kuuliza sawasawa kabla ya kutoa fedha: Je, kazi yangu ni sauti nase, maagizo, au vyote viwili? Je, toni za muziki wangu zinakubalika? Je, kompyuta yangu itamudu mikondo ninayoihitaji? Kisha aijaribu programu kwanza. Reaper, kwa mfano, hutoa siku 60 za majaribio.

"Mdundo" na "spika" tayari yamo vinywani mwa watu. "Sauti nase" na "mkondo" bado ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi wa studio na wanamuziki, watuletee maoni yao, kwani istilahi isiyokubaliwa na mwenye kazi haiishi.