Aprili 22: Kasongo, Ypres, Zanzibar
Tarehe 22 Aprili 1893, askari wa Dola Huru ya Kongo wakiongozwa na Francis Dhanis waliuteka mji wa Kasongo kutoka kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar. Walikuta vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, mishumaa na sukari. Wenye mali walikwishakimbia.

Siku kama hiyo mwaka 1915, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, nchi ya Dhanis.

Mwaka 1964, tarehe ileile, Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, mjini Zanzibar. Ni sadfa tupu, ila kwa Wamaza wa eneo la Kasongo, Zanzibar si ugenini: misafara iliyowaletea Kiswahili na Uislamu ilianzia huko.