Je, Wajua? Kiuno na Ndoo ya Lita 20

Je, wajua kuwa maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe? Mama anayepanda nayo kilima huko Mbulu au Hanang anaijua hesabu hiyo kiunoni. Jembe la mpini mfupi nalo humkunja mkulima wa vitunguu saumu tangu asubuhi. Kwanza badilisha mpini, uweke mrefu.

Maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe ndani ya wiki chache. Kulala kutwa huyarefusha. Tembea, jinyooshe, na unapoinua mzigo kunja magoti, uukumbatie karibu na kifua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mazoezi, kukandwa na tiba ya mikono kwa maumivu sugu ya kiuno, lakini si mikanda ya kiuno. Osteopathia, mojawapo ya tiba hizo za mikono, ilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still wa Marekani mwaka 1874.

Ila si kila mgongo ni wa kukandwa. Kwa mfugaji, kiuno kinachouma pamoja na homa na jasho la usiku huenda ni ugonjwa wa brusela, unaoambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kumhudumia ng'ombe aliyetupa mimba. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Wahi ukapimwe. Na ukifa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikutoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ipo tangu 1955.