Kibomba cha waya chawarejeshea wagonjwa mlo

KWA kawaida mgonjwa huanza kukwamwa na nyama au ugali. Baada ya majuma kadhaa hata uji hupita kwa shida, na mwishowe mate yenyewe hayamezeki. Hivyo ndivyo saratani ya umio inavyojitokeza. Umio ni mfereji unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Maradhi haya yameenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na sehemu za Bomet ni miongoni mwa zilizoathirika sana humu nchini. Kwa wakazi wa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, mojawapo ya hospitali zenye ujuzi mkubwa wa kuyashughulikia iko katika kaunti hiyo hiyo: Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet.

Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na uvimbe hauwezi tena kuondolewa kwa upasuaji. Hao ndio wanaosaidiwa na stenti.

Stenti ni kibomba kilichofumwa kwa waya mwembamba. Mara nyingi waya huo ni wa nitinoli, yaani mchanganyiko wa nikeli na titani uliotokana na utafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani karibu mwaka wa 1960. Ajabu yake ni kwamba hukumbuka umbo lake. Hubanwa ukawa mwembamba, kisha ukiachiliwa ndani ya mwili wenye joto hupanuka tena.

Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, kisha daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Huona uvimbe unapoanzia na unapoishia, akaifungua njia kidogo na kuiweka stenti mahali pake. Kibomba hujitanua chenyewe na kuusukuma uvimbe kando. Stenti nyingi za umio huwa na utando unaozuia uvimbe kupenya katikati ya nyaya.

Mwaka wa 2001 madaktari wa Tenwek walieleza katika jarida la kitaalamu jinsi ya kuweka stenti bila kutumia mtambo wa eksirei. Hiyo ilikuwa habari njema kwa hospitali zisizo na mitambo ghali. Mnamo 2009 jarida la Lancet Oncology lilichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa stenti huko tangu 1999.

Je, stenti huponya saratani? La. Humwezesha mgonjwa kula na kunywa pamoja na jamaa yake kwa muda aliobakisha. Inaweza kuteleza, kuleta maumivu au kuzibwa na chakula. Kwa hivyo mgonjwa hushauriwa kutafuna vizuri, kula akiwa ameketi wima na kunywa maji baada ya kula.

Wataalamu wanatamani kufika mbali zaidi, waweze kuotesha kiungo kipya kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Bado hawajafika huko, na haraka imewahi kuleta maafa. Mwaka wa 2011 mwanafunzi kutoka Eritrea, aliyekuwa akisoma Iceland, aliwekewa koromeo la hewa la plastiki lililopandwa seli za uboho wake mjini Stockholm, Uswidi. Dunia ilishangilia. Alifariki mwaka wa 2014. Mnamo 2023 mahakama ya rufani ilimhukumu daktari Paolo Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa watatu. Msomaji akiahidiwa kiungo kipya cha seli, na aulize kwanza ni wangapi waliowekewa na wangapi wangali hai.

Kinga ingali bora. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Chai yenyewe haina lawama. Joto ndilo tatizo, basi iache ipoe kidogo. Tumbaku na pombe pia huongeza hatari.

Na yeyote anayeanza kukwamwa na chakula asingoje hadi uji umshinde. Amwone daktari mapema, uvimbe ukiwa ungali mdogo na upasuaji ungali unawezekana.