Bustani za Makete Wakati wa Kipupwe

Kati ya Juni na Agosti, sakitu huunguza bustani nyingi wilayani Makete, hasa za mabondeni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hushuka usiku. Wananchi wanashauriwa kupanda maua mahali palipoinuka. Kabichi na figili huvumilia baridi, na kando ya mawaridi nazo hupendeza. Mawaridi yasipogolewe sasa, maana machipukizi mapya ndiyo huungua kwanza. Mimea laini ifunikwe jioni kwa nyasi kavu au magunia, ifunuliwe asubuhi. Kumwagilia nako kufanyike asubuhi. Maua ya kwenye makopo yahamishiwe ndani, karibu na dirisha, yapewe maji kidogo. Jiko la mkaa lisiwashwe chumbani ili kuyapa joto: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua waliolala.