Filamu Moja, Sauti Tofauti

Filamu ile ile ikinunuliwa katika matoleo mawili, picha yaweza kufanana na sauti ikatofautiana. Mfano ni Jaws ya Steven Spielberg, iliyotoka Marekani mwaka 1975. Sauti yake ilikuwa ya mono, yaani maneno, muziki wa John Williams na milio yote vilichanganywa katika njia moja. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya sauti bora.

Mwaka 2000 ilitolewa DVD ya kuadhimisha miaka 25. Sauti ilichanganywa upya kwa mfumo wa 5.1: spika tano kumzunguka mtazamaji, na moja ya besi. Muziki ulipanuka, hilo halina ubishi. Lakini baadhi ya milio ya awali iliondolewa na kuwekwa mingine, na mono haikuwamo kabisa. Hivyo aliyenunua diski hiyo hakuisikia kazi iliyopewa tuzo!

DVD ya mwaka 2005 iliirudisha mono pamoja na 5.1, na Blu-ray ya 2012 ikaiweka kando ya 7.1. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu unaofaa.

Mwenye kutaka kulinganisha afungue menyu ya sauti, achague tukio moja na kulisikiliza mara mbili. Kwanza asawazishe ukubwa wa sauti, kwa maana inayovuma zaidi hudhaniwa kuwa bora. Kisha asikilize milio ya maji na mapipa, siyo muziki peke yake.