Aljebra ya Mstari Ianzie kwenye Mzigo wa Kariakoo

Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na matriksi kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha nne. Akifika chuo kikuu kusomea uhandisi, uchumi au kompyuta, anazikuta tena chini ya jina la aljebra ya mstari, na ni rahisi kozi nzima ikaishia kwenye maagizo: zidisha jedwali hili kwa lile, tafuta ditaminanti, tafuta kinyume. Anaweza kuyatimiza yote bila kujua jedwali lenyewe linasema nini. Naamini maana ingepaswa kutangulia na kanuni zifuate, na maana hiyo haiko mbali: iko sokoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na soko la Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani.

Chukua wenye maduka wawili wanaofungasha mzigo kwa muuzaji mmoja wa jumla huko Kariakoo. Wa kwanza anachukua magunia 2 ya mchele na mifuko 3 ya sukari. Wa pili gunia 1 na mifuko 4. Orodha hizo zikipangwa safu kwa safu, tayari ni matriksi, na ukiizidisha kwa bei unapata deni la kila mmoja. Sasa geuza swali: tunajua kila mmoja kalipa kiasi gani, je, gunia ni bei gani na mfuko ni bei gani? Hapo ndipo penye utamu wa somo. Kwa orodha hizi jibu lipo, na ni moja tu. Lakini wa pili angechukua magunia 4 na mifuko 6, mara mbili kamili ya mwenzake, na kulipa mara mbili, risiti yake isingetuongezea habari yoyote, na bei zinazowezekana zingekuwa nyingi zisizo na mwisho. Akilipa pungufu kwa sababu kapunguziwa, hakuna jozi moja ya bei inayozikubali risiti zote mbili. Aliyeliona hilo ameshajua kwa nini 2 × 6 − 3 × 4 ni sifuri, na sifuri hiyo ina maana gani, hata kabla ya kulisikia neno ditaminanti.

Historia nayo ilipita njia hiyo. Kitabu cha kale cha Kichina cha hisabati, chenye sura tisa na umri wa takriban miaka 2,000, kinafungua sura yake ya nane kwa mafungu ya nafaka za daraja tatu, na kinatafuta kila fungu linatoa kiasi gani kwa kupanga namba katika safu na kuziondoa moja baada ya nyingine. Jina la matriksi lilikuja mwaka 1850 tu, kwa James Joseph Sylvester wa Uingereza.

Wapo watakaosema kwamba nguvu ya aljebra hii ni udhahania wake, na magunia yatamfunga mwanafunzi sokoni. Wana haki kuhusu udhahania. Ila anayejua kwa nini risiti ya pili haikuongeza habari atalitambua jambo hilohilo kwenye polinomia na mawimbi ya sauti. Asiyelijua atakariri fasili ya jambo hilo bila kuliona. Wengine hutetea kukokotoa kwa mkono. Kwa majedwali madogo nakubaliana nao. Ditaminanti ya jedwali la 20 kwa 20, hata hivyo, ikipanuliwa kwa kanuni ya darasani, inatoa vipengele zaidi ya bilioni 2 mara bilioni 1, wakati njia ya kuondoa inahitaji hatua zisizofika 3,000 za kuzidisha na kugawanya. Kuna pia hoja ya lugha, kwamba vitabu na mitihani ni vya Kiingereza. Istilahi zibaki hivyo, lakini mjadala wa kwa nini unaweza kufanyika kwa Kiswahili, lugha ambayo bei hupatanwa kwayo kila siku. Mtihani nao ungeweza kuuliza: risiti hizi tatu hazitoshi kutupa bei za bidhaa tatu, eleza kwa nini, kisha tunga risiti ya nne ambayo ingetosha.