Waya wa Type-C unachaji lakini hauhamishi video? Sababu hii hapa

Umerekodi siku nzima kwenye tamasha la sanaa Bagamoyo, simu imejaa. Unaichomeka kwenye kompyuta ili uhamishe video: chaji inaingia, lakini kompyuta haiioni simu. Kabla hujaanza kufuta video au kukimbilia kwa fundi, badilisha waya kwanza.

Type-C (USB-C) ni jina la umbo la kichwa cha waya tu. Halikwambii ndani kuna nini.

Kuchaji tu, au na data?

Baadhi ya nyaya za bei ya chini zina nyuzi za umeme peke yake. Zinachaji, basi. Waya wa data una nyuzi za ziada za kupitisha mafaili.

Kasi nayo inatofautiana

USB 2.0 hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde. Zipo nyaya za gigabiti 5, 10, 40 na hata zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, video za GB 20 zinachukua kama dakika tano na nusu kwa USB 2.0, lakini sekunde 32 tu kwa gigabiti 5. Kiuhalisia muda huwa mrefu zaidi.

Simu pia ina kikomo chake. iPhone 15 ya mwaka 2023 inaishia megabiti 480. iPhone 15 Pro inafika gigabiti 10, ila waya wa kwenye boksi lake ni wa USB 2, hivyo kasi hiyo huipati bila kununua mwingine.

Wati nyingi si kasi ya data

Nyaya za Type-C kwa Type-C zenye viwango huanzia wati 60 na kufika 240. Hiyo ni nguvu ya chaji. Waya wa Apple wa wati 240, kwa mfano, unahamisha data kwa kasi ya USB 2 tu.

Ukiwa dukani

Omba kuujaribu kwenye kompyuta. Fungua simu, shusha sehemu ya taarifa, na kwa Android chagua kuhamisha faili. Kama waya mwingine unaleta chaguo hilo na huu hauleti, huu ni wa kuchaji tu.

Usiutupe, lakini. Ukichaji stendi au sehemu usiyoiamini, waya usiopitisha data ndio salama zaidi.